Jina la Mtu Hai Halikatwi

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lako lilifungiwa sukari dukani kabla hujalisoma, usijali, hukukosa raha. Ulikosa tu mtu mzima akilia jikoni huku akisonga obusuma, ugali wetu, wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni mimi, Sylvanus, karani wa kodi katika kaunsili ya wilaya hapa Kakamega. Mlionifuata tangu mwanzo mnajua jinsi baiskeli yangu ilivyoibwa nikiwa ndani ya kanisa nikiomba ulinzi. Mnajua jinsi cheo kilivyonipita mimi niliyekuwa na kikohozi tu, kikaenda kwa mtu aliyekuwa na mjomba. Na mnajua jinsi mke wangu Jescah, mwalimu wa shule ya msingi kule Lurambi, alivyofunga sanduku lake mwezi wa kumi akaenda kwao Mumias. Aliniachia neno moja tu: "Usinifuate."

Sikumfuata. Mimi ni mtu wa kutii. Kufika Desemba hiyo ya mwaka 1967 ilikuwa wiki ya saba, na nilikuwa nimeanza kusalimia kiti chake nikitoka kazini.

Rafiki nilibaki na mmoja, Lazarus, mkusanya kodi wa Lurambi. Kila jioni alikuja tukala pamoja, tukimaliza anaosha sahani yake anakwenda. Hata hiyo sahani ya pili ilinitosha. Basi Jumatatu askari wakamchukua Lazarus mbele ya watu waliopanga foleni kulipa kodi, na pale ndipo nilipowaachia.

Leo nitawaambia alishikwa kwa sababu gani, na ni nani aliyestahili kushikwa badala yake.

Kwanza mjue pesa za kaunsili zinavyotembea. Mwalimu hulipwa kila mwisho wa mwezi, lakini kodi haijui mwezi. Mtu wa kwetu hulipa kodi akiuza mahindi, au akikamatwa njiani bila risiti, lolote litakalotangulia. Kwa hivyo kila Januari sanduku la kaunsili huwa tupu na walimu wanataka kula.

Ndipo mweka hazina wetu, Bwana Cornelius Shitanda, huvaa tai, akabeba karatasi moja, akaenda benki. Benki haimwombi ng'ombe wala shamba. Inamwomba idadi ya watu wazima walioandikwa kwenye rejista za kodi, kila mmoja kwa shilingi zake arobaini na nane. Kwa ahadi ya pesa hizo ambazo bado hazijaja, inakopesha.

Kodi ikianza kuingia, benki ndiyo hula kwanza. Kila Ijumaa tunafunga pesa za wiki kwenye mfuko, tunapeleka, tunaletewa karatasi ya deni lililobaki. Mwalimu anangoja. Dawa za zahanati zinangoja. Na deni lazima liishe kabla mwaka haujaisha, maana lisipoisha hakuna mkopo wa Januari, na bila mkopo huo hakuna mwalimu wilaya nzima atakayeona mshahara.

Mwaka ule tulikuwa tumelipa lote isipokuwa shilingi elfu sita, mia mbili na arobaini. Shitanda akatafuta pengo liko wapi, akalipata Lurambi. Kwenye rejista ya Lurambi watu mia na thelathini hawakuwa wamelipa hata senti. Mkusanya kodi wa Lurambi ni nani? Ni Lazarus. Basi Lazarus amekula.

Mimi nilijua hao mia na thelathini wako wapi.

Sasa naungama. Wazungu walipouza mashamba ya Lugari, watu wetu wengi walihamia huko Chekalini kulima mahindi. Kaka yangu Joash alikwenda na wale wa kwanza. Walipofika waliandikwa kwenye rejista ya huko, na kodi wakailipa huko. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchukua wino mwekundu na kuwakata kwenye rejista ya Lurambi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuhesabiwa huku na kule.

Januari nilifungua rejista, nikachovya kalamu. Jina la kwanza kwenye orodha ya waliohama lilikuwa la Joash. Mkono ukagoma.

Mama yetu, Navalayo, alikuwa ameshanionya. Kwetu jina la mtu hai halikatwi. Ukimfuta mtu kwenye kitabu cha nyumbani umemzika, na wala si ushirikina mtupu. Mtu akifutwa, binamu zake wanaingiza jembe kwenye shamba lake kabla umande haujakauka. Maliguru watano, wale wazee wa vijiji, walikuja ofisini mmoja mmoja kunisihi. Mmoja aliniletea ingokho, kuku wa heshima. Nikamla, na supu yake nikanywa.

Nikafunga rejista bila kukata hata mmoja. Nilijiambia ni karatasi tu, itamuumiza nani? Siku tatu baadaye Shitanda akaibeba hesabu ile kwenda benki, na benki ikakopesha kwa vichwa vilivyohesabiwa mara mbili. Walimu wenzake Jescah waliokuwa wakimwambia kwamba mume wake amekalia mishahara yao walisema kweli. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mimi nililia.

Jumanne nilimpelekea Lazarus chakula rumande. Nilitaka anilaumu. Hakunilaumu, maana hakujua. Aliniomba nikawalishe kuku wake, kisha akasema jambo lililonimaliza.

"Afadhali wewe uko nje, Sylvanus. Bila wewe ningekuwa sina mtu."

Nilitoka pale miguu ikanipeleka moja kwa moja kwa Shitanda.

Shitanda ni mtu wa maneno machache na karatasi nyingi. Nilimweleza yote, tangu kalamu mpaka kuku wa liguru. Alinisikiliza akipanga vibanio vya karatasi mezani, halafu akasema maneno ya rafiki kumtetea rafiki hayana uzito, kwa hiyo niandike na nitie sahihi. Nikaandika. Aliposoma aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu aje kazini kwetu.

"Unajua kwamba kuipa benki hesabu ya uongo si barua ya onyo? Ni korti."

"Najua, Bwana Shitanda."

"Basi Alhamisi saa sita mchana meneja wa benki atakuwa hapa. Niletee risiti za Chekalini za watu hawa, zionyeshe wanalipa huko. Ukizileta, Lazarus atatoka na wewe utaingia. Usipozileta nitachana barua yako, na Lazarus aende kortini."

Jumatano asubuhi nilipanda basi la kwenda Turbo. Lilinishusha barabarani, nikatembea katikati ya mahindi makavu mpaka kwa Joash. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu ahame. Nilijiambia kila mwaka kwamba nitakwenda, kila mwaka kikatokea kitu. Alikuwa ameketi juu ya gunia anapukuchua mahindi, na aliponiona hakuinuka.

"Mulembe," akanisalimu. "Nani amekufa?"

Nilimwambia hajafa mtu, ila mmoja yuko rumande. Nikamsimulia. Nikamwomba risiti yake, na anisaidie kupata za wenzake.

Joash alikataa. Alikataa kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema hakuna mtu pale atakayetoa karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni wa Chekalini na si wa Lurambi. Alisema shamba hili wamepewa kwa mkopo wa miaka mingi, serikali inaweza kulichukua wakati wowote wakishindwa kulipa, na kitu pekee walicho nacho cha kweli ni lile jina lililoandikwa nyumbani.

"Ukinikata kule, nikifa mtanizika wapi? Hapa kwa mzungu?"

Nilimwambia basi Lazarus atafungwa kwa pesa ambazo hakuziona, kwa sababu hakuna mtu aliyezilipa.

Hapo Joash akaacha kupukuchua.

"Hakuna aliyezilipa? Ndugu yangu, za Lurambi si tulilipa?"

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kueleza upya, taratibu, kama karani anavyomweleza mtu dirishani. Akanikatiza.

Alisema Mama alikuja Chekalini baada ya Pasaka. Aliwakuta wote kanisani, akasimama baada ya maombi, akawaambia kwamba Sylvanus alishika kalamu akashindwa kuwakata. Alisema kijana wake ana moyo laini na kazi ngumu. Basi wanaume wale wakakaa chini ya ukuta wa kanisa wakajadiliana. Jina likibaki kwenye kitabu bila kulipa, kuna siku mtu ataulizwa, na mtu huyo atakuwa karani. Wakakubaliana walipe mara mbili, huku na kule. Ng'ombe kadhaa waliuzwa. Watu mia na thelathini, kila mmoja arobaini na nane.

"Ulifikiri tutakuacha peke yako na hiyo kalamu?" Joash akaniuliza.

Wasomaji wangu, mimi nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikiamini kwamba duniani hakuna anayejua nilichobeba. Nilikuwa nikipita Lurambi nimeinamisha kichwa. Kumbe watu mia na thelathini walikuwa wameuza maziwa na ng'ombe kwa ajili yangu, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Niliketi kwenye gunia la pili, nikalia.

Lakini karani ni karani. Machozi hayajakauka, nikauliza pesa zilikwenda wapi.

"Tulimpa shemeji. Mke wako. Agosti shule zilipofungwa alikuja hapa, akaandika kila jina kwenye daftari la shule. Tungempa nani mwingine? Ni mwalimu, na analalanga nyumba moja na karani."

Jescah. Agosti. Aliniambia anakwenda kumwona shangazi yake aliyeumwa mguu, na mimi nikamnunulia shangazi huyo majani ya chai.

Sikuhitaji kumuuliza Joash mengine, kwa sababu alinieleza mwenyewe siri ambayo Jescah alimwomba aifiche, macho yake yakiwa kwenye mahindi. Jescah alirudi Chekalini mwezi wa kumi, wiki ileile aliyoniacha. Alipita hapa kwanza kabla ya kwenda kwao. Alimpigia Joash magoti, jambo ambalo sijawahi kumwona Jescah akimfanyia mtu.

Alisema aliporudi na pesa Agosti, alikusudia kunipa jioni ileile. Lakini njiani alipitia shuleni. Aliwakuta walimu tisa wakingoja habari za mshahara, na tangu mwezi wa sita hawakuwa wamelipwa. Mwalimu Ayuma, mwenzake wa darasa la kwanza, alikuwa ananyonyesha na maziwa yamekauka kwa njaa. Alikuwa akifundisha asubuhi na alasiri analimia watu mashamba yao ili apate unga. Wengine walikuwa wakisema shule ikifunguliwa hawarudi.

Jescah akafungua mfuko. Akawagawia wale tisa, akaandika kila mmoja amechukua kiasi gani, wakaapa kwamba mshahara ukija watarudisha zote. Alijua akinipa mimi pesa zile zitaingia kwenye mfuko wa Ijumaa, zitakwenda benki, na Mwalimu Ayuma hataona hata senti.

Sasa tazameni upumbavu wetu sote. Kaunsili ilikopa mishahara kwa ahadi ya kodi. Mke wangu akakopa kodi kwa ahadi ya mishahara. Mishahara haikuja kwa sababu benki ilikuwa haijashiba, na benki haikushiba kwa sababu kodi ya Lurambi ilikuwa imepikwa na kuliwa na walimu tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipeleka mifuko ile benki kila Ijumaa, nikirudi nyumbani nikimwambia Jescah avumilie, pesa ziko njiani.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

Joash alisema naye alimuuliza hivyo. Jescah alijibu kwamba akiniambia nitakuwa na njia mbili tu, kumshtaki au kuiba pamoja naye, na zote mbili zingeniua. Kwa hivyo aliona atoke nyumbani, ili siku atakayoshikwa asikutwe ndani ya nyumba yangu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki saba nilikuwa nikimlaani mwanamke aliyeondoka ili anikinge.

Tulikaa. Kuku walikuja kuokota mahindi miguuni petu, hatukuwafukuza. Mwishowe nikamwambia Joash ninachotaka. Nikizipeleka risiti za Chekalini, itaonekana kwamba watu wale hawakupaswa kabisa kuwa kwenye rejista ya Lurambi. Pesa za Lurambi hazikuwahi kuwapo. Hakuna atakayeuliza nani alizipokea. Kosa litakuwa moja, langu, na Jescah hatatajwa. Ila majina yatakatwa, hakuna namna.

Joash alimaliza kupukuchua hindi lililokuwa mkononi. Kisha akaingia ndani, akatoka na risiti yake imekunjwa ndani ya Biblia.

Alizunguka na mimi boma kwa boma mpaka jua likatua. Sijui aliwaambia nini, maana aliniacha nje kila mahali. Wengine walitoka kuniangalia, wakarudi ndani bila salamu, kisha risiti ikaletwa na mke. Tulizipata zote isipokuwa chache. Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani, na basi lilipoonekana akanishika mkono.

"Ukifika, anza na mimi. Usimkate mtoto wa mtu mwingine kabla hujamkata wa mama yako."

Nilimwahidi. Basi likaondoka, naye alibaki palepale barabarani hata nilipoacha kumwona.

Nilifika Kakamega saa tano na nusu, nikakimbia na mfuko wa risiti kifuani. Nilikuwa na hofu, lakini niseme kweli, nilikuwa na furaha pia. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilikuwa na kitu cha kumpa Jescah, hata kama hatajua nilimpa.

Nikabisha mlango wa Shitanda, nikaingia.

Shitanda alikuwa nyuma ya meza. Meneja wa benki alikuwa upande wa dirisha, kofia magotini. Na kwenye kiti cha wageni, akiwa na gauni lake la kazini, amekonda, ameketi wima kama mtu anayesubiri mtihani, alikuwa mke wangu.

Habari za Lazarus zilikuwa zimefika Mumias. Jescah hakuweza kumwacha mtu asiye na hatia alale rumande kwa ajili yake. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi, akaingia ofisini bila kujua kwamba mimi nimeshatia sahihi.

Hakuniangalia. Nami sikuthubutu kumwangalia.

Shitanda aliweka barua yangu katikati ya meza. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Bwana Sylvanus, wewe umeandika kwamba watu hawa mia na thelathini hawakulipa Lurambi, kwa sababu hawako Lurambi. Mwalimu hapa anasema walilipa, wakampa yeye, na yeye akazitumia. Mmoja wenu anaidanganya benki mbele ya meneja. Ni nani?"

Niliweka risiti za Chekalini juu ya barua.

"Ni huyu mwanamke. Ni mwongo. Ameniacha wiki saba, sasa amekuja kuniharibia kazi. Hakuna mtu aliyempa kitu chochote. Mtoeni nje."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mke wangu baada ya wiki saba.

Meneja aliinua risiti mbili tatu, akazitazama, akatikisa kichwa kukubali. Shitanda akaanza kufungua kalamu yake. Nilijua nimeshinda. Dakika moja zaidi, Jescah angekuwa barabarani ananichukia, na yuko salama.

Lakini Jescah alikuwa ameshageuka kunitazama. Alinitazama usoni, akatazama zile risiti, akatazama matope ya Chekalini kwenye viatu vyangu. Yeye ni mwalimu. Aliisoma hesabu yote palepale.

"Hata jela, Sylvanus," akasema polepole, "unataka kwenda peke yako?"

Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa daftari la shule, akaliweka juu ya meza. Ndani yake yalikuwa majina yote mia na thelathini, na ya walimu tisa, kwa mwandiko wake.

Meneja wa benki akanyoosha mkono kulichukua. Mimi nilikuwa karibu nalo kuliko yeye, na hapo ndipo ninapowaachia hadi Jumamosi ijayo.